Nilitaka Maji Yanilipie Deni

"Kwani ule wa kwanza ulikuwa maji ya kuoga?"

Hivyo ndivyo shosho aliniambia kwa simu nilipomweleza kwamba nimeandikisha jina nibatizwe. Halafu akanyamaza. Kama ungemjua shosho yangu ungejua kunyamaza kwake si mchezo. Huyu ni mtu anakupigia kuuliza kama umekula, unajibu ndiyo, anauliza umekula nini. Siku hiyo alinyamaza mpaka nikaangalia simu nikidhani kredo imeisha. Kisha akasema, "Haya mzee wangu, usiku mwema," na ilikuwa saa nane mchana.

Wacha nieleze hiyo "mzee wangu". Baba ni mtoto wake, na mimi ndiye kifungua mimba wa baba. Kwetu Murang'a, mvulana wa kwanza anapewa jina la babu yake mzaa baba. Kwa hivyo jina langu ni la marehemu mume wa shosho, na tangu nikiwa mdogo ananiita mzee wake, ananiwekea kiti cha mzee, na nikikosea ananigombeza kama mzee.

Hilo jina lilitamkwa kanisani nikiwa na miezi minne. Mathe alikuwa bado mgonjwa, kwa hivyo shosho ndiye alinibeba. Ilikuwa Aprili, mvua, matope mpaka kwa goti, na ile barabara ya kwetu hakuna gari lingepita. Akatembea na mimi mgongoni, viatu vya kanisani ameshika mkononi. Mchungaji akanimwagia maji kichwani mara tatu, nikapiga nduru. Kila Krismasi anatuhadithia hii safari, na kila Krismasi matope yanaongezeka.

Sasa, miaka 22 baadaye, nimempigia simu kumwambia ule haukuwa ubatizo.

Naandika hii kwa sababu najua si mimi peke yangu. Wengi wetu tulibatizwa watoto kwa makanisa ya wazazi, tukakuja Nairobi, tukapata kanisa la vijana lenye muziki fiti, na hapo mtu anakuuliza, "Umebatizwa kwa maji mengi?" Ukisema ulimwagiwa kidogo ukiwa mtoto, anakuangalia kama mtu ana kitambulisho feki. Nilifuata hii maneno mpaka mwisho, na nilikofika si kule nilidhani naenda.

Sababu ya kweli

Kwanza niseme ukweli, kwa sababu bila hii sehemu hadithi yote ni uongo.

Mwaka jana shosho alilipwa pesa ya kahawa. Akanitumia 38,000 kwa simu, fee ya muhula. Hata hakunipigia kuniambia. Pesa iliingia tu, na jina lake juu yake.

Nikaweka 500 kwa kale kandege ka kwenye simu. Wale mnajua mnajua. Kandege kanapaa, namba zinapanda, unatoa pesa yako kabla kaanguke. Nilipata 4,000 siku ya kwanza. Siku ya tano nilikuwa na 600. Nikaahirisha muhula bila kuambia mtu, na kila shosho alipouliza masomo yanaendaje, nilimwambia poa. Miezi saba ya poa.

Halafu Jumapili moja kanisani, jamaa mmoja akasimama kutoa ushuhuda. Akasema aliingia kwa maji na mambo yake yote, akatoka bila hata moja. Aliyaacha huko chini. Manze, nilihisi ananiongelea mimi. Ibada ilipoisha nikaenda mezani nikaandika jina.

Kwa hivyo sikuwa natafuta ubatizo. Nilikuwa natafuta mahali pa kuacha 38,000.

Yohana alitoa wapi?

Kanisa letu lina darasa la ubatizo, Jumamosi nne. La kwanza, mwalimu alisema ubatizo ulianza na Yohana kwenye mto Yordani. Nikainua mkono: Yohana alitoa wapi hilo wazo? Akasema kwa Mungu. Sawa, hilo silipingi. Lakini soma Injili tena. Watu wanatoka Yerusalemu wanamkuta jamaa amevaa singa za ngamia anazamisha watu mtoni. Wanamuuliza yeye ni nani, na kama si Masihi, kwa nini anabatiza. Hakuna hata mmoja anauliza, "Hiki unachofanya ni nini?" Inamaanisha walikuwa wanakijua.

Nikaanza kusoma, usiku, kwa simu ileile iliyokuwa imekula pesa ya shosho.

Kumbe Wayahudi walikuwa wanaingia majini karne kadhaa kabla ya Yohana. Torati, hasa Mambo ya Walawi na Hesabu, imejaa maagizo ya kuoga. Ukishika maiti unakuwa najisi siku saba. Mwanamke akijifungua, au akiwa kwenye siku zake, kuna muda wa kungoja. Aliyepona ugonjwa wa ngozi anaoga kabla ya kurudi kambini. Kuhani mkuu anaoga Siku ya Upatanisho kabla ya kuingia patakatifu.

Na kuna Naamani, yule jemadari wa Shamu aliyekuwa na ukoma. Elisha akamwambia ajichovye Yordani mara saba. Akakasirika, akasema kwao kuna mito mizuri kuliko huo. Sasa, Wayahudi walipotafsiri maandiko yao kwa Kigiriki, karne mbili tatu kabla ya Kristo, pale Naamani anapojichovya walitumia neno *baptizo*. Ndilo hilo. Maana yake ya kawaida ni kuchovya, kuzamisha. Kabla halijakuwa neno la kanisa, lilikuwa la jemadari mwenye hasira akiingia mtoni.

Baadaye wakajenga mabwawa maalum. Linaitwa *mikve*. Wachimbaji wa mambo ya kale wamepata mamia yake nchini Israeli, mengi ya enzi za Yesu au kabla kidogo. Yamechongwa kwenye mwamba, yana ngazi za kushuka mpaka ndani. Mengine yana kijiukuta katikati ya ngazi, inaonekana ili anayepanda akiwa safi asigusane na anayeshuka. Yako mengi kusini mwa mlima wa Hekalu Yerusalemu, kwa sababu hungeingia Hekaluni ukiwa najisi. Yako Masada, ile ngome ya jangwani. Yako Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi.

Sheria zake ni kali, na ziko kwenye Mishna, mkusanyo wa mafundisho ya marabi ulioandikwa karibu mwaka 200. Maji lazima yawe yamejikusanya yenyewe, ya mvua au ya chemchemi. Huwezi kujaza kwa ndoo tu ukasema tayari. Kiasi cha chini ni seah 40, ambazo ni lita mia kadhaa, ya kutosha mtu kuzama mwili mzima. Na kusiwe na kitu kati yako na maji: pete inatoka, hereni zinatoka, siku hizi hata rangi ya kucha inatoka. Unaingia kama ulivyozaliwa.

Mikve haikuisha na Hekalu. Mpaka leo Wayahudi wanaoshika sheria wanaitumia. Wanawake wanaingia kila mwezi baada ya siku zao, na mtu akiingia dini ya Kiyahudi lazima azame. Talmud inasema mgeni aliyeongoka ni kama mtoto aliyezaliwa sasa. Ukisoma Yesu akimwambia Nikodemo kuhusu kuzaliwa upya kwa maji na Roho, utaona ni kwa nini alimshangaa mwalimu wa Israeli kukosa kuelewa.

Hata neno lenyewe lina utamu. Mikve ni mkusanyiko wa maji. Linaonekana mapema kabisa kwenye Mwanzo, Mungu anapoyakusanya maji pamoja na kuyaita bahari. Lakini kwa Kiebrania herufi hizohizo pia ni tumaini. Nabii Yeremia anamwita Mungu mikve wa Israeli, yaani tumaini lao, na Rabi Akiva akachezea maana zote mbili: kama vile bwawa linavyowatakasa walio najisi, ndivyo Mungu anavyowatakasa watu wake.

Nilipofika hapo nikasema, hii ndiyo nataka. Nizame, nitoke nimetakata, mambo yaishe.

Halafu nikaona kitu ambacho kilinikosesha usingizi.

Najisi si dhambi

Angalia tena ile orodha. Kuzaa mtoto si dhambi. Siku za mwezi si dhambi. Kumzika baba yako ni wajibu wako, na ukimgusa ukiwa unamzika unakuwa najisi siku saba. Najisi ni hali tu. Inakupata ukiishi maisha ya kawaida, unaoga, unangoja jua lizame, unaendelea. Mikve ilikuwa ya hiyo.

Mwizi je? Torati ina agizo lingine kwake, na halina maji. Iko kwa Hesabu sura ya 5: aliyemkosea mwenzake aungame alichofanya, arudishe kile kitu chote, aongeze sehemu ya tano juu yake, na ampe yule aliyemkosea. Baada ya hapo ndiyo sadaka.

Nilipiga hesabu bila kutaka. Sehemu ya tano ya 38,000 ni 7,600. Jumla 45,600.

Nikajiambia hiyo ni Agano la Kale, Yohana alileta kitu kipya. Nikaenda kwa Yohana nikakuta ni mbaya zaidi.

Mwaka 1947, vijana wachungaji wa Kibedui walianza kuokota magombo ya kale kwenye mapango ya Qumran. Moja lina kanuni za jumuiya iliyoishi kwa kuoga na kusali. Watu hawa walipenda maji kuliko mtu yeyote. Lakini kanuni yao inasema wazi kwamba mtu asiyegeuka kutoka njia zake mbaya hatatakaswa na maji yoyote, hata akijitosa kwenye bahari na mito. Atabaki najisi tu.

Mwanahistoria Myahudi Yosefo, aliyeandika miaka ya 90 ya karne ya kwanza, naye anamtaja Yohana. Anasema Yohana aliwafundisha watu kwamba kuzama huko si njia ya kuomba makosa yafutwe. Mwili unaoshwa kwa sababu roho tayari imeshasafishwa na matendo ya haki. Injili zenyewe zinauita ubatizo wa toba kwa ondoleo la dhambi, kwa hivyo unaweza kubishana na Yosefo kidogo. Lakini toba iko pande zote mbili. Hakuna anayekupa maji bila toba.

Na toba ya Yohana haikuwa machozi. Kwa Luka sura ya 3, watu wanamuuliza, "Tufanye nini sasa?" Anajibu kama mhasibu. Una kanzu mbili? Toa moja. Wewe mtoza ushuru, usichukue zaidi ya kiwango. Wewe askari, usimnyang'anye mtu, tosheka na mshahara wako.

Nilijua kabisa mimi ningeambiwa nini pale mtoni.

Mikono ya mtu mwingine

Kwa hivyo Wakristo walibadilisha nini? Niliona mambo matatu.

La kwanza ni mikono. Kwenye mikve unajizamisha mwenyewe. Shahidi anasimama pembeni kuhakikisha hata unywele haukubaki juu, lakini wewe ndiye unashuka na kupanda. Yohana aliitwa Mbatizaji kwa sababu yeye ndiye aliwazamisha watu, na kanisa likaendelea hivyo. Kwa kawaida Mkristo hajibatizi. Hata Yesu, ambaye hakuwa na la kutubu, alipanga foleni na wenye dhambi akajiweka kwenye mikono ya Yohana, na Yohana mwenyewe aliona aibu.

La pili ni idadi. Mikve unarudi kila unapohitaji, maisha yako yote. Ubatizo ni mmoja. Paulo anauweka pamoja na Bwana mmoja na imani moja.

La tatu ndilo linaeleza hilo la pili. Paulo, kwa Warumi sura ya 6, anasema ukibatizwa unazikwa na Kristo ili ufufuke naye. Yesu pia aliwahi kuuita msalaba wake ubatizo. Kwa hivyo maji yaliyokuwa ya kuoshea yakawa pia kaburi. Kuosha unaweza kurudia. Mazishi unafanyiwa mara moja, na hakuna mtu amewahi kujizika. Wengine wanakubeba.

Hapo ndipo nilikumbuka shosho na yale matope.

Vita vya maji ni vya zamani

Utauliza: sawa, lakini maji kidogo ama mengi? Mtoto ama mtu mzima? Hatukuanza leo.

Kuna kijitabu kinaitwa Didake, mwongozo wa Wakristo wa mwanzo kabisa, kinachokadiriwa kuwa cha mwisho wa karne ya kwanza au mwanzo wa ya pili. Kinasema batiza kwa maji yanayotembea. Kama hakuna, tumia maji mengine. Kama baridi haiwezekani, tumia ya moto. Kama huna ya kutosha kwa vyovyote, mimina kichwani mara tatu kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Yaani wanaanza na mto, mlemle kwenye mawazo ya Kiyahudi, na wanafika kwa kumimina bila kupiga kelele. Kwa hivyo jamaa akikuambia maji kidogo ni uvumbuzi wa wazungu, mwonyeshe hiyo. Na akikuambia kuzamisha ni mambo ya makanisa ya juzi, mwonyeshe hiyohiyo.

Kuhusu watoto, mabishano yalikuwa hapa Afrika. Karthago, iliyo Tunisia ya leo. Karibu mwaka 200, Tertuliano wa Karthago anaandika kwamba ni heri watoto wangoje, wakue, wajifunze, wamjue Kristo kwanza. Miaka 50 hivi baadaye, askofu wa mji uleule, Sipriano, anaulizwa kama mtoto angojee siku ya nane, kama tohara ya Wayahudi. Yeye na maaskofu wenzake wanajibu hapana, hata hizo siku nane msingoje. Mji mmoja, pande mbili, watu wote wawili wanaheshimiwa mpaka kesho.

Sipriano huyohuyo aligombana na Stefano, askofu wa Roma, karibu mwaka 256. Swali: mtu aliyebatizwa na kundi lililopotoka, akirudi kanisani abatizwe tena? Sipriano alisema ndiyo, kwa sababu ule wa kwanza haukuwa ubatizo. Stefano alisema hapana. Mwishowe msimamo wa Stefano ndio ulishinda sehemu kubwa ya kanisa la magharibi, na baadaye Augustino, Mwafrika mwingine, akautetea kwa hoja hii: ubatizo ni wa Kristo, si wa yule aliyeshika maji.

Na watu walikufa kwa haya mambo. Januari 1525 mjini Zurich, kikundi kidogo cha waumini kilibatizana wakiwa watu wazima, wakisema ubatizo wa utotoni si kitu bila imani ya mtu mwenyewe. Wakaitwa wabatizaji-tena. Januari 1527, mmoja wao, Felix Manz, alifungwa kamba na serikali ya mji akazamishwa kwenye mto Limmat mpaka akafa. Waliomuua walikuwa Wakristo, na adhabu ilikuwa ya maji.

Sisemi haya kuwacheka wanaobatizwa wakubwa. Manz alikufa kwa sababu aliamini imani haiwezi kurithiwa kama shamba, na hapo alikuwa na hoja. Nasema tu kwamba ukimwambia mtu "wako si ubatizo", unagusa kitu kizito. Nilimwambia shosho hivyo kwa simu, nikiwa kwa matatu.

Murang'a

Jumamosi ya tatu sikuenda darasani. Nilipanda gari la Murang'a.

Nilimkuta nje anachambua maharagwe. Akaniambia kaa, nikakaa, akanisukumia ungo nisaidie. Nilichambua kama dakika kumi bila kusema kitu. Halafu nikasema yote. Kandege, 38,000, muhula, miezi saba ya poa. Sikumwangalia. Niliangalia maharagwe.

Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Aliuliza tu, "Iliisha yote?" Nikasema yote. Akasema ile kahawa aliichuma akiwa na goti limefura.

Tukaendelea kuchambua. Baadaye akaniuliza, "Na ubatizo? Hiyo ndiyo ulikuwa unataka kuosha?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Mimi nilidhani unanikataa."

Halafu akanihadithia kitu ambacho sijawahi kusikia, hata Krismasi. Shosho hakubatizwa akiwa mtoto. Wazazi wake hawakuwa watu wa kanisa. Alienda mwenyewe akiwa na miaka 16, akasoma mafundisho mwaka mzima, akasimama mbele ya wazee akajibu maswali, akapewa jina jipya. Alipofika nyumbani na hilo jina, babake alimuuliza, "Kwani lile nililokupa lilikuwa na makosa?" Na hakuongea naye karibu mwezi.

Alinyamaza kidogo akiniangalia. Nadhani tulisikia kitu kimoja wakati mmoja, lakini hakuna aliyekisema.

Kwa hivyo huyu ninayedhani hakuelewa kuchagua, alichagua kabla yangu, na ilimgharimu. Na kile alichokilipia ndicho alinibebea mgongoni kwenye matope. Mimi ndiye nilikuwa nataka kukirudisha dukani nibadilishiwe.

Kabla nilale aliniambia, "Kahawa inaiva Oktoba. Utakuja kuchuma." Haikuwa swali.

Jumapili ya maji

Siku ya ubatizo nilienda kanisani, lakini jina langu nilikuwa nimelitoa. Nilimwelezea mchungaji wa vijana sababu. Hakukubaliana na mimi, ila alinisikiza mpaka mwisho, na hiyo nampa heshima.

Rafiki yangu mmoja alizama siku hiyo. Kwao hakuna aliyewahi kuwa Mkristo, kwa hivyo kwake ni mara ya kwanza na ya pekee. Mimi ndiye nilimshikia taulo. Alipotoka kwa maji alikuwa anatetemeka na anacheka, na nilifurahi naye kabisa, bila wivu. Nilisimama pale pembeni nikafikiria wale mashahidi wa mikve.

Hii ndiyo maoni yangu, na uko huru kuyakataa. Mimi nilishabatizwa. Nilikuwa na miezi minne, sikuelewa kitu, nilipiga nduru, na mikono ya mtu mwingine ilinibeba. Kilichobaki sasa ni mimi kuingia kwenye kile nilichopewa, na hiyo haihitaji bwawa lingine. Kama wewe umesoma, umeomba, na umeona unapaswa kuzama ukiwa mtu mzima, nenda kwa amani. Lakini jiulize kwanza unachotaka kuacha huko chini ni nini. Kama ni pesa ya mtu, au msichana uliyemdanganya, au rafiki uliyemchafulia jina, maji hayatampelekea ujumbe. Utatoka umelowa, na yeye bado anangoja.

Nimechuma kahawa wikendi nane. Nimemrudishia shosho 11,500 kufikia leo, na nimemwambia nitafikisha 45,600. Aliniuliza hiyo 7,600 ya juu imetoka wapi. Nikamwambia ni ya Musa.

Akacheka mpaka akakohoa. Halafu akaniuliza kama nimekula.